Fundi akisema "lenzi imekufa", usiitupe

KATIKA vibanda vya mafundi wa Buyenzi, kama ilivyo Kigoma na Kariakoo, hukumu ya deki ya CD au DVD isiyosoma diski hutolewa kwa maneno mawili tu: "Lenzi imekufa." Fundi hufunga nyingine, na ile ya zamani huishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, pamoja na visoma diski vilivyong'olewa kwenye kompyuta kuukuu. Wafanyabiashara wanaovuka Kobero na Mugina wanaijua ndoo hiyo, kwa kuwa wengi wao ndio walioleta deki zenyewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Makamba. Nilizaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania, nikarejea nyumbani mwaka 2009. Habari za nuru nilifundishwa kwa kuchora: mstari wa penseli unaingia kwenye lenzi ya penseli na kutokea upande wa pili ukiwa umepinda. Lenzi yenyewe hatukuwa nayo. Wanafunzi wangu nao huulizwa maswali ya lenzi na mche wa kioo kwenye mtihani, na wapo wanaoingia chumba cha mtihani bila kuvigusa hata siku moja. Ndiyo maana nataka tuitazame upya ile ndoo ya fundi.

Kwanza tuisahihishe hukumu yenyewe. Kinachokufa aghalabu si lenzi. Ni dayodi ya leza, yaani kile kitoa mwanga, ambayo hupungua nguvu kadiri inavyotumika. Wakati mwingine hata dayodi ni nzima, ila vumbi limefunika juu. Vioo vilivyomo ndani havichoki. Deki iliyokufa bado ina lenzi, vioo vya kuakisi na miche iliyo hai kabisa.

Kabla ya bisibisi, kuna jambo moja la kuzingatia: usiiwashe leza nje ya deki, wala usiichungulie. Mafundi wengi huipima kwa kuinamisha jicho na kutafuta nukta nyekundu. Hiyo ni hatari kubwa. Mwanga wa leza ya CD una urefu wa wimbi wa nanomita 780, na jicho la binadamu huuona kwa shida sana. Kwa hiyo nukta inayoonekana hafifu huenda ina nguvu kuliko unavyodhani, na jicho halipepesi kujikinga na mwanga lisiouona. DVD hutumia mwanga mwekundu wa nanomita 650, na Blu-ray zambarau wa nanomita 405.

Deki ya kusoma tu hutumia miliwati chache. Ile ya kuandika, ambayo kwa kawaida ina herufi RW juu yake, dayodi yake inaweza kuzidi miliwati 100, wakati kalamu ya leza inayofaa darasani haizidi miliwati 1. Mwanga huo huunguza sehemu ya nyuma ya jicho bila maumivu, na kidonda hicho hakina dawa. Bila umeme, hata hivyo, leza ni kichuma tu. Kazi yote ninayoieleza hapa inafanyika bila waya wa umeme.

Andaa bisibisi ndogo, koleo, kibano, kitambaa laini na sahani nyeupe ya kuwekea vipande. Fungua skrubu za mfuniko. Ndani utakuta kigari kidogo kinachotambaa juu ya fito mbili za chuma. Chomoa utepe wake wa nyaya, kisha kitoe kizima. Hicho ndicho mafundi wanachokiita lenzi, ingawa lenzi ni sehemu yake moja tu.

Anza na dayodi ya leza. Ni kopo dogo la chuma lenye kipenyo cha milimita 5.6 au chini ya hapo, likiwa ubavuni mwa kigari na miguu mitatu au zaidi ya waya. Itoe, uitenge kwenye chupa yenye kifuniko. Usiivunje wala usiichome moto, kwa kuwa ndani yake mna kemikali yenye arseniki. Ikishatoka, kilichobaki anaweza kukishika mwanafunzi yeyote.

Sasa fuata njia ambayo mwanga ulikuwa ukipita, nawe utatambua kila kipande kwa kazi yake. Mbele ya dayodi huwa kuna kipande kidogo cha kioo kinachoonekana kitupu, kumbe kina mistari myembamba sana. Kazi yake ni kugawa mwali mmoja kuwa mitatu, wa kati wa kusomea na wa pembeni wa kuiweka leza kwenye njia yake. Mwalimu akipitisha humo mwanga wa kalamu ya leza ya darasani na kuuelekeza ukutani, zitatokea nukta badala ya moja.

Kinafuata kigawa mwanga. Ama ni mchemraba wa miche miwili iliyogandishwa, wenye mstari wa mshazari unaouona ukiutazama kwa ubavu, ama ni kioo bapa kilichowekwa kwa kuinama. Hupitisha sehemu ya mwanga na kuigeuza nyingine nyuzi 90. Ushike dirishani: utaona vitu vya mbele na vya ubavuni kwa wakati mmoja.

Lenzi ya kunyoosha miali ndiyo kubwa kuliko zote. Isimamishe kati ya dirisha na karatasi nyeupe, uisogeze taratibu. Itafika mahali picha ya dirisha inajichora kwenye karatasi, miguu juu kichwa chini. Pima umbali huo kwa rula, mara nyingi ni sentimita mbili hivi, nao ndio umbali ambao vitabu huuita fokasi. Mwanafunzi aliyeipima kwa mkono wake haisahau.

Chini ya lenzi ya juu kuna kioo cha kuakisi kilicholala nyuzi 45. Lenzi hiyo ya juu nayo ni ndogo kama punje ya dengu, yenye mng'ao wa buluu au kijani, ikining'inia kwenye nyaya nne nyembamba kama unywele. Usiisafishe kwa asetoni, kwani nyingi ni za plastiki na zitapata ukungu. Ibandike mbele ya kamera ya simu, uisogeze hadi karibu igusane na kitu unachokitazama. Ngozi ya kitunguu itaonekana ikiwa imepangika kama ukuta wa matofali: hizo ndizo seli. Somo la biolojia nalo limepata darubini yake.

Kuna kipande kimoja huwachanganya wengi, kilicho karibu na kipokea mwanga: lenzi ya mviringo wa upande mmoja. Chora msalaba kwenye karatasi, uutazame kupitia humo huku ukikizungusha. Msalaba ukirefuka upande mmoja tu, ndicho hicho. Deki hukitumia kujua kama diski iko mbali au karibu. Nukta ya mwanga hubaki duara umbali ukiwa sawa, na hugeuka yai ukikosea. Kipokea mwanga chenye vyumba vinne huona tofauti hiyo.

Si kila deki ina vipande vyote. Za bei nafuu zina vichache, na nyingine zimeunganisha leza na kipokea mwanga. Gundi ikikataa, tone la asetoni, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kuondoa rangi ya kucha, huilainisha. Litumie kwa vioo tu na mbali na moto. Sumaku mbili ndogo zilizo kando ya lenzi ya juu zina nguvu kupita umbo lake. Ziweke mbali na watoto wadogo, maana zikimezwa huweza kubana utumbo.

Ndugu mfanyabiashara, ombi langu kwako ni dogo. Unapouza chakavu kwa kilo, vigari hivi haviongezi uzito wa maana. Vitenge, na zile za RW uziandike alama, halafu muulize mwalimu wa shule iliyo karibu nawe. Usiwaachie watoto wazichome moto kutafuta shaba.

Nasi tuliorejea tunalo la ziada. Mimi msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na leo nafundisha kwa Kifaransa. Maneno ya nuru nimeyabadilisha mara mbili. Kioo kikiwa mkononi mwa mwanafunzi, hakihitaji mkalimani.