Mvua ya Alpi humshinda mtu akishuka

Msafiri anayevuka milima ya Ufaransa peke yake kwa baiskeli, mvua ikimnyeshea tangu asubuhi, huonewa huruma kwa sababu ya kupanda. Watu humfikiria akihema kwenye kona, jasho na maji vikimchuruzika usoni, wakasema huyo anateseka. Anateseka kweli, lakini bado hajafika penye hatari. Hatari huanza pale watu wanapotaka kumpongeza, akiwa amefika juu na barabara imeanza kuteremka. Ninachoshikilia ni kwamba siku ya mvua milimani huamuliwa na mteremko, na kwamba mtu aliye peke yake anapaswa kuamua juu ya mteremko huo mapema, angali chini na mwili wake una joto.

Tuchukue barabara moja maarufu. Kutoka kijiji cha Valloire, kilicho mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, lami hupanda kilomita 18 hadi kipito cha Galibier, mita 2,642. Upande wa pili huteremka hadi Lautaret, kisha hufuata bonde hadi mji wa Briançon, jumla kilomita zipatazo 35, karibu zote za kushuka. Mtalii aliyebeba hema, chakula na nguo katika mifuko ya kando ya magurudumu hupanda polepole, kilomita saba au nane kwa saa, kwa hiyo hutumia zaidi ya saa mbili kufika juu. Muda wote huo misuli yake inafanya kazi kubwa, na misuli ya binadamu hugeuza takriban robo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto. Ndiyo maana mtu anayepanda chini ya mvua ya baridi anaweza kufungua zipu ya koti lake: yeye mwenyewe ni jiko. Akivuka kilele, miguu hupumzika na jiko huzimika kwa dakika chache. Hewa nayo imepoa, kwa kuwa joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Valloire ikiwa na nyuzi 14, Galibier itakuwa na sita au saba. Ongeza upepo anaojitengenezea mwenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa katika hewa ya nyuzi saba, kanuni wanayotumia wataalamu wa hali ya hewa husema ngozi itahisi nyuzi mbili, na kanuni hiyo imewekwa kwa ngozi kavu. Maji hupitisha joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Fulana iliyolowa jasho wakati wa kupanda sasa inamnyonya joto mvaaji wake.

Mwili ukihisi hivyo hulinda moyo na ubongo kwanza. Damu huondolewa kwenye ngozi na vidole, vidole hufa ganzi, na hivyo ndivyo vidole vinavyotakiwa kushika breki. Hapa mambo mawili mabaya hukutana. Breki za kubana rimu, ambazo bado zipo kwenye baiskeli nyingi za watalii, hazishiki mara moja zikilowa. Raba lazima zifute maji kwanza, na wakati huo gurudumu linaendelea kwenda. Breki za diski zimepunguza sana tatizo hili, ingawa hakuna diski inayojibana bila mkono wa mtu. Mzigo wa nyuma huongeza msukumo. Barabarani kuna mistari myeupe ya rangi, mifuniko ya chuma, majani yaliyolowa, na mvua ya kwanza baada ya siku kavu huinua mafuta na vumbi vikawa utelezi. Julai 2016, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia mchezo huu Kenya, aliteleza kwenye mteremko uliolowa akielekea Saint-Gervais Mont Blanc baada ya kukanyaga mstari mweupe. Alikuwa amevaa jezi ya njano ya kiongozi wa Tour de France. Alimaliza siku ile kwa baiskeli ya mwenzake Geraint Thomas, kisha akashinda mashindano yote.

Msomaji anaweza kusema: basi Froome alianguka, akainuka, akashinda, na wanariadha wa mashindano hayo huvuka milima hiyo katika mvua kila mara. Ni kweli, lakini tazama wanavyovuka. Nyuma yao kuna gari lenye nguo kavu, baiskeli ya akiba na daktari. Kileleni kuna mtu anayewapa koti au gazeti la kuingiza kifuani likinge upepo. Pamoja na hayo yote hushindwa. Mwaka 1998, katika mashindano hayo hayo na mvua ya baridi, mshindani Marco Pantani alimwacha mwenzake Jan Ullrich juu ya Galibier, na kabla ya kuteremka akasimama kuvaa koti. Ullrich, aliyekuwa anaongoza mashindano, alishikwa na baridi na njaa, akafika mwisho wa siku, Les Deux Alpes, karibu dakika tisa nyuma. Miaka miwili kabla, theluji na upepo viliwalazimisha waandaaji kuondoa vipito vya Iseran na Galibier katika siku moja, wakabakiza kilomita 46 tu. Mwaka 2019 mvua ya mawe na maporomoko ya udongo vilifunga barabara chini ya Iseran. Washindani walisimamishwa wakiwa tayari wanateremka, na muda ukahesabiwa pale walipopita kileleni. Ikiwa wenye magari na madaktari husimamishwa, mtu mwenye hema na chupa mbili za maji hana cha kuona aibu akigeuza.

Wengine hutegemea nguo. Koti zuri la mvua ni fedha iliyotumika vizuri, sikatai. Ila hata vile vitambaa ghali vinavyotajwa kuwa vinapumua hushindwa na jasho la saa mbili za kupanda, na mtu hufika juu amelowa kutoka ndani. Linalosaidia zaidi ni jambo dogo lisilo na fahari: kupanda na nguo chache, kisha kusimama kileleni mahali palipokingwa, kuvua fulana iliyolowa na kuvaa kavu, glavu kavu, kofia chini ya helmeti, ndipo kuteremka. Wengi huona uvivu kufanya hivyo huku mvua inawapiga. Uvivu huo huwagharimu kilomita 35.

Kwa nini basi asingoje jua? Mara nyingi ndilo jibu sahihi, hasa wakati wa kiangazi, ambapo ngurumo hupenda kuja alasiri na anayeondoka alfajiri huzitangulia. Lakini vipito vya juu hufungwa kwa theluji tangu vuli hadi Mei au Juni, msimu ni mfupi, na milima yenyewe ndiyo inayotengeneza mvua kwa kuinua hewa yenye unyevu hadi ipoe. Anayengoja anga safi kila siku hatavuka. Isitoshe mvua ya wastani mabondeni haina ubaya wowote. Magari hupungua na hewa inanukia misonobari.

Tofauti kubwa ya aliye peke yake haiko kwenye joto, maana mwenzake hangempasha. Iko kwenye akili. Baridi ikiushusha mwili chini ya nyuzi 35 humfanya mtu awe mzito wa kufikiri, asijali, ajione yuko sawa. Wakiwa wawili, mmoja humwona mwenzake anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Aliye peke yake hana shahidi, na chombo cha kupimia hali yake ndicho kinachoharibika kwanza. Kwa hiyo hukumu yake itolewe angali na joto. Kwenye barabara yetu mahali pake ni Plan Lachat, kilomita nane hivi kabla ya kilele, pale lami inapogeuka na kuanza kupanda kwa ukali. Aliyefika hapo asijiulize kama miguu yake inaweza kufika juu, maana inaweza. Ajiulize kama ana fulana kavu, glavu kavu na breki zinazoshika. Chini ya vipito vikubwa vya Ufaransa kuna vibao vinavyoeleza kama barabara ya juu iko wazi au imefungwa, na maneno hayo yanawalenga wenye magari na yanahusu theluji. Kwa aliyelowa, aliye peke yake na asiye na nguo ya kubadili, Galibier imefungwa hata kibao kikisema iko wazi.