Samaki Aliyenikunja Mimi

Samaki mkunje angali mbichi. Sidhani yupo mwalimu wa Kiswahili ambaye hajaiandika methali hii ubaoni, nami nimeiandika kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata hivyo, yupo samaki mmoja niliyemleta nyumbani angali mbichi kwelikweli, urefu wake haujapita wa kalamu, nikadhani nitamkunja nipendavyo. Leo nakiri mbele yako, msomaji mpendwa, kwamba aliyekunjwa ni mimi.

Samaki mwenyewe ni kamongo, ambaye baadhi ya ndugu zetu wa Tanzania humwita kambare-mamba, na Waganda humwita mmamba. Nilimnunua katika ufuo wa Dunga, Kisumu, kutoka kwa mzee mmoja mvuvi. "Mwalimu," akaniambia alipoijua kazi yangu, "huyu ana maisha marefu. Unapo mahali pa kumweka?" Nikacheka, nikamjibu kwamba ninalo tangi la kioo sebuleni. Mzee hakucheka.

Nia yangu haikuwa mbaya. Nilitaka wanangu na wanafunzi wangu wamwone kiumbe ambaye ukoo wake umekuwapo duniani kwa karibu miaka milioni 400. Kamongo ana mapafu. Seli zake zina DNA karibu mara 40 ya ile iliyomo katika seli za binadamu. Maji yakikauka, aweza kujichimbia matopeni, akajifunika kwa ute wake unaokauka mithili ya karatasi, akalala humo kwa miezi mingi akiisubiri mvua. Katika Buganda, watu wa ukoo wa Mmamba hawamli, kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo wao. Ni samaki mwenye heshima zake.

Heshima hizo nilianza kuzivunja siku ya kwanza. Nililijaza tangi pomoni, kisha nikalifunika kwa kioo nikihofia asiruke nje. Usiku mama watoto akaniita: samaki alikuwa akiligonga lile kioo kwa pua yake, akitapatapa. Kumbe kamongo mkubwa hategemei matamvua yake. Hewa nyingi anayoihitaji huipata kwa kuja juu na kuivuta kama mimi na wewe. Ukimzuia asifike juu, atakufa maji. Samaki kufa maji! Niliyachota maji upesi kwa sufuria huku mikono ikinitetemeka. Tangu siku ile niliacha nafasi ya shubiri nzima juu ya maji, na kifuniko nikakitoboa matundu.

Kosa la pili lilikuwa kumpa majirani. Nilimtilia ngege wadogo wawili ili asiwe mpweke. Asubuhi nilimkuta mmoja hana mkia na mwingine hayupo kabisa. Meno ya kamongo ni kama koleo. Kazi yake ni kuponda makombe ya konokono. Tangu hapo aliishi peke yake, akila konokono, nyungunyungu na vipande vya samaki, nami nikajifunza kutotia kidole majini.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo halikuwa na dawa ya siku moja. Kamongo alikua. Katika Ziwa Victoria aweza kufikia urefu wa mita mbili. Wangu, baada ya miaka minne, alikuwa amepita sentimita 70, na kila alipogeuka tangini ilimbidi ajikunje. Nilinunua tangi la pili lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kina cha 60. Wanafunzi wa hesabu na wakokotoe: hizo ni lita 648 likijaa, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, nilikuwa nimeweka zaidi ya nusu tani juu ya meza ya mbao. Meza ikapinda. Maji ya mfereji nayo yalinilazimu kuyalaza pipani ili dawa iliyotiwa ipungue kwanza. Umeme ulipokatika, kamongo hakujali, maana hewa alijivutia mwenyewe. Lakini uchafu wake ulinisubiri mimi na ndoo yangu.

Siku moja nilipolieleza tatizo hili darasani, mwanafunzi wa Kidato cha Pili akainua mkono. "Mwalimu, si tumwachilie tu katika bwawa lililo nyuma ya shule?" Darasa zima likashangilia. Nakiri kwamba hata mimi moyo ulinituma hivyo. Lingekuwa jambo jepesi, na mbele ya watoto lingeonekana kuwa la huruma.

Lakini nchi yetu imekwisha kuujua mwisho wa wepesi wa namna hiyo. Mbuta hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na aina nyingi za fulu, ambao hawapatikani popote pengine ulimwenguni, zikatoweka ama zikawa adimu. Niliwaeleza wanafunzi hayo. Yule kijana, ambaye atakuwa wakili siku moja, akanijibu: "Lakini Mwalimu, mbuta aliwapa watu kazi."

Alisema kweli, na mfano wa kamongo mwenyewe ungemsaidia. Kamongo hakuwapo katika Ziwa Baringo. Alitiwa humo mwaka 1974, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa miongoni mwa samaki waliotegemewa zaidi na wavuvi wa huko. Je, hiyo si faida? Ni faida, lakini anayerusha jiwe gizani hana haki ya kujisifu kwamba halikumpiga mtu. Samaki akishaingia majini, hakuna awezaye kumwita arudi. Bwawa letu lina mkondo unaotokea upande wa pili, na mkondo huo unaingia mtoni. Nani kati yetu angekwenda kuwaomba radhi samaki wa mto ule?

Basi mbona nisimrudishe Dunga alikotoka? Hilo nalo lina walakini. Samaki aliyekaa miaka tangini aweza kubeba ugonjwa ambao wenzake wa ziwani hawaujui. Nao kamongo wa Ziwa Victoria wana taabu za kutosha: wamevuliwa kupita kiasi, na vinamasi vya mafunjo, ambamo dume hulilinda tundu lenye mayai na watoto, vinafyekwa ili kulimwa.

Hatimaye tulijenga birika la saruji nyuma ya maabara ya shule, lenye kivuli, uzio na wavu. Wanafunzi hupokezana zamu ya kulisafisha. Gharama zilitoka mfukoni mwangu, kama ilivyo haki. Lakini swali la yule mzee bado linanifuata. Huko Chicago, kamongo wa jamii ya Australia aliyeitwa Granddad aliingia katika hifadhi ya samaki ya Shedd mwaka 1933, akafa mwaka 2017. Mwenzake, Methuselah, alifika San Francisco mwaka 1938, na mwaka 2023 wataalamu waliipima DNA yake wakakadiria umri wake kuwa miaka 92. Hao ni binamu tu wa kamongo wetu, na sidai kwamba wangu atafika huko. Hata hivyo, mimi nitastaafu baada ya miaka michache, naye huenda akabaki. Ndiyo maana jina lake limeandikwa katika daftari la mali ya maabara, pamoja na kanuni za kumtunza. Ni aibu kumwandika kiumbe hai baina ya darubini na mizani, lakini ni heri aibu hiyo kuliko kumwacha bila mwenyewe.

Wapo vijana wanaoniandikia wakiomba ushauri wa kufuga samaki wakubwa na adimu. Siwakatazi kupenda, mapenzi ya viumbe ni mlango wa elimu. Nawasihi tu wajiulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Atakuwa mkubwa kiasi gani? Ataishi miaka mingapi? Nami nikishindwa, atakwenda wapi? Asiyeweza kulijibu la tatu, na asilitafute jibu la yale mawili ya kwanza. Amwache samaki ziwani, aende ufuoni kumtazama.

Jioni, wanafunzi wakishaondoka, mimi hukaa kando ya birika. Kamongo huja juu taratibu, akafunua kinywa, akavuta hewa kwa sauti kama ya mzee anayeshusha pumzi, kisha akazama. Kila nikimsikia, nakumbuka kwamba sikumwuliza kama angependa kuja.