Wamama, tupumzike kwa mpango

Mwezi wa 12 ukikaribia, swali moja linarudi katika kila kikao chetu: mama aliyekuwa anapunguza mafuta na sukari, anayeamka mapema kutembea, afanye nini na Noeli, Bonane na arusi za kila siku ya posho?

Wengi wetu tunajua jibu moja tu, kuacha kimya kimya. Juma moja la matanga, soda na sombe yenye mawese mengi, kisha haya. Na haya ndiyo inamzuia mama kurudi kwa wenzake, kuliko kilo zenyewe. Hatusemi hivyo kwa kumcheka mtu. Tunasema pumziko lipangwe, liwe na siku ya kuanza na siku ya kurudi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, walitangaza matokeo yao juu ya wanaume 51 wenye unene uliozidi. Kundi moja lilipunguza chakula majuma 16 mfululizo. Lingine lilipunguza majuma 2, likala kwa kutosha majuma 2, likaendelea hivyo mpaka nalo likatimiza majuma 16 ya kupunguza. Hili la pili lilipoteza kilo nyingi zaidi. Watafiti walieleza kwamba mwili ukipewa kidogo kila siku unaanza kubana matumizi, kama sisi pesa ya soko ikipungua, na pumziko linaulegeza.

Lakini tusikimbie. Walikuwa wanaume, na kazi ile iliwachukua majuma 30. Uchunguzi mwingine uliofuata, hata juu ya wanawake wanaofanya mazoezi, haukuona kilo za ziada. Sisi pumziko tunalipenda kwa sababu nyingine: mama anayejua atakula na wenzake siku ya arusi anavumilia vizuri siku zinazotangulia.

Tena, wale watu hawakuachiwa kula ovyo. Walikula kiasi cha kuushikilia uzito pale pale. Kwetu, hiyo ni bugali ya kawaida, maharagi yenye mafuta kidogo, soda moja ya sherehe na si tatu. Lengalenga inabaki kwenye sahani.

Upande wa mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa juma za mwendo wa wastani. Mama anayepanda kutoka soko la Kadutu na unga mgongoni amekwisha kupata sehemu yake kubwa. Huyo akipumzika, apumzike kweli: mtoto mkubwa achote maji, baba naye abebe mfuko. Kuacha matembezi ili kufua nguo za nyumba nzima hatukuiti kupumzika.

Kitu kimoja hakina likizo, nacho ni dawa. Mwenye tansio asiache vidonge vyake hata siku moja, wala asirudishe chumvi nyingi kwa sababu ni sikukuu. Mwenye ugonjwa wa sukari, mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza kwenye kituo cha afya kabla ya kubadili chakula.

Matembezi yetu yatasimama tarehe 20 mwezi wa 12 na kuanza tena tarehe 5 mwezi wa 1, saa kumi na mbili asubuhi, mahali pale pale. Kila mmoja achague mwenzake wa kumpitia nyumbani asubuhi hiyo.