Kitenzi Kimoja, Maana Kochokocho

Mtazame mtoto wa Maposeni, jirani na Peramiho, wilayani Songea. Nyumbani husikia Kingoni. Katika shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967. Aingiapo Kidato cha Kwanza, hisabati, baiolojia na jiografia zote humjia kwa Kiingereza.

Huko hukutana na kitenzi kidogo, "get". Huambiwa kuwa maana yake ni kupata. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Kikifuatwa na "up", ni kuamka au kuinuka. "Off" ni kushuka garini. "Along" ni kupatana na mwenzio. "Over" ni kupona ugonjwa au kupoa baada ya msiba. Na kikifuatwa na "rid of", maana hupinduka kabisa: huwa ni kuondoa.

Hapo ndipo penye hatari. Swali la baiolojia likiuliza kwa maneno hayo namna mwili unavyoondoa taka, jibu ni mapafu yatoayo hewa chafu, figo zichujazo damu na kufanya mkojo, na ngozi itoayo jasho. Mtoto aliyekariri "kupata" peke yake ataeleza namna mwili upatavyo taka hizo. Somo analijua, alama anazikosa, na nyumbani huenda akaitwa mvivu.

Tusidhani kuwa Waingereza peke yao ndio wenye mtindo huo. Sisi twapiga hodi, pasi, picha, simu, mswaki, magoti na kura, wala hapana anayeumia. Hata "pata" yetu ina mambo: kisu kikali hupata, mwezi hupatwa, mahasimu hupatana, na "yapata saa mbili" si sawa na kupata saa mbili za mkononi.

Basi, mzazi, hata kama hukusoma Kiingereza, unayo njia ya kumsaidia mwanao. Mwulize "piga" ina maana ngapi. Azihesabu kwa vidole mpaka vimwishie. Kisha atenge ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kitenzi cha namna hiyo, aandike sentensi nzima, si neno pekee. Kitenzi, kama mtu, hujulikana kwa rafiki zake. Na aandikapo, keti naye. Lugha ya tatu ni mzigo mzito kwa mtoto aubebaye peke yake.