Baraza Lisiwe Mwombaji Mlangoni

Asubuhi moja, si zamani sana, mwandishi wa safu hii alikuwa akingoja kutiwa muhuri karatasi zake katika ofisi moja ya umma hapa mjini Unguja. Ofisi yenyewe ilikuwa juu ghorofani. Chini, penye kizingiti cha mlango wa njiani, alikuwapo mzee mmoja juu ya kigari cha magurudumu, naye akiuhitaji muhuri ule ule. Karani, kijana mwenye adabu zake, aliteremka ngazi mara nne: kwanza kumwuliza mzee haja yake, kisha kumletea fomu, kisha kuja kuichukua ilipokwisha jazwa, na mara ya nne kumtaka radhi, kwamba bwana mkubwa mwenye muhuri ana sharti la kumwona mwenye karatasi kwa macho yake, na bwana mkubwa hawezi kuteremka. Mzee akamjibu kwa upole, “Na mimi, mwanangu, siwezi kupanda.” Wakacheka wote wawili, maana watu wa Visiwani hucheka hata penye dhiki, kisha mzee akageuza kigari chake akaenda zake.

Hakufa mtu siku ile, wala hapana aliyekusudia ubaya. Lakini safari ya mzee yule ilipotea bure, na huenda haikuwa ya kwanza. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni hili: siku nyumba ile ilipofanywa ofisi ya umma, nani alikuwa na wajibu wa kusema, “Muhuri usikae juu mpaka ipatikane njia ya kila mtu kuufikia”? Na kama alikuwapo wa kusema, alikuwa na nguvu gani ya kusikilizwa?

Si kwamba Visiwani hapana sheria. Mambo ya watu wenye ulemavu si katika mambo ya Muungano, na kwa hiyo kila upande umekwenda kwa mwendo wake. Bara walitunga sheria mbili mwaka 1982, moja ya ajira na moja ya matunzo. Ile ya ajira ikimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awape watu wenye ulemavu asilimia 2 ya nafasi. Mwaka 2010 wakaziweka kando na kutunga Sheria Nam. 9, ambayo inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 20, na kiwango kikapandishwa hadi asilimia 3. Hapa kwetu, watu wenye ulemavu wenyewe waliungana mwaka 1985 na kuanzisha umoja wao, UWZ, ambao uligonga milango ya Serikali kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria Nam. 9 ya mwaka huo, na ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo nayo imekwisha futwa, na mahali pake imesimama Sheria Nam. 8 ya mwaka 2022.

Msomaji atusamehe kwa wingi wa mabaraza katika makala haya. Liko Baraza linalotunga sheria, liko Baraza linalosimamia haki za watu wenye ulemavu, na yako mabaraza ya mawe nje ya nyumba zetu za Mji Mkongwe, ambayo mtu wa kigari huyatazama tu kwa chini. Tukisema Baraza peke yake, tunakusudia lile la pili.

Yafaa kukumbuka jinsi hata maneno yalivyosafiri. Lugha ya wazee wetu ilimweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti na kikapu. Umoja wa Mataifa ulipoufanya mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa wenye ulemavu, magazeti ya Kiswahili yalikuwa yamekwisha zoea kuandika “walemavu”, na hiyo ilikuwa hatua, kwani walau waliingizwa katika ngeli ya watu. Leo sheria inasema “watu wenye ulemavu”: utu mbele, ulemavu nyuma. Hata hivyo jina la Kiingereza la sheria ya 2006 lilizitaja haki na upendeleo kwa pumzi moja, na hapo ndipo ilipokuwa taabu yake. Haki hudaiwa, lakini upendeleo huombwa. Chombo kilichozaliwa na sheria ya namna hiyo huzaliwa hakijui kama kinadai au kinaomba.

Tena sheria ile ilikuwa na bahati mbaya ya wakati. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa New York tarehe 13 Desemba 2006, mwaka ule ule wa sheria yetu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Kwa hiyo tulikuwa na sheria ambayo watungaji wake hawakuwa na Mkataba mezani kama dira ya kuifuata. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, hivyo mkono uliotia saini ulikuwa wa Muungano. Lakini mzigo wa kuutekeleza Mkataba huo Unguja na Pemba uko mabegani mwa Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi. Ilipita zaidi ya miaka kumi baada ya kuridhia ndipo sheria mpya ikapatikana. Hatusemi hivyo kwa kulaumu, ila miaka kumi ni umri wote wa mtoto kusoma skuli ya msingi na kuimaliza, au kukaa nyumbani na kuukosa.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Ibara ya 33 ya Mkataba inataka mambo mawili ambayo kwa haraka mtu anaweza kuyadhani ni moja. Inataka kila nchi iwe na mahali maalumu ndani ya Serikali pa kuratibu kazi hii. Vile vile inataka kiwepo chombo huru cha kuangalia kama kazi inafanyika, na kwamba watu wenye ulemavu na jumuiya zao washiriki kikamilifu katika uangalizi huo. Anayelima na anayelikagua shamba wasiwe mtu mmoja.

Kwetu mpaka huo haujawa wazi katika fikra za watu. Baada ya mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2010, shughuli za watu wenye ulemavu ziliwekwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Twaamini uamuzi ule ulikuwa na faida kubwa, kwani chombo kinachoandika barua yenye nembo ya ofisi kuu hakiachwi kungoja jibu kama kile kilichojificha katika pembe ya Wizara. Wako wanaotaka Baraza litolewe kabisa Serikalini lisimame peke yake. Hatukubaliani nao. Katika visiwa vidogo kama vyetu, chombo kilicho mbali na Serikali huwa mbali na fedha pia, na mwisho wake ni kubaki na ofisi, mlinzi na kalenda ukutani.

Ila hatukubaliani pia na wale wanaodhani Baraza likikaa karibu na meza kuu basi kazi imekwisha. Baraza litaandikaje kwamba Wizara fulani imeshindwa wajibu wake, ilhali fedha zake za mwaka hupita katika bajeti ile ile na watendaji wake huajiriwa na Serikali ile ile? Kwa hiyo kazi ya kukagua na kutoa taarifa iwekwe kwa wengine: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo mamlaka yake yanafika Visiwani, ikishirikiana na jumuiya za watu wenye ulemavu kupitia shirikisho lao, SHIJUWAZA. Baraza nalo liachiwe kazi ya kuratibu, na katika kazi hiyo lipewe jambo moja ambalo kwa maoni yetu linapita yote, nalo ni nafasi ya kusema hapana kabla jambo halijatendeka.

Tufafanue. Jengo la umma likiwa bado ni ramani, njia ya mteremko ni mistari michache ya penseli. Zege likishamwagwa, mistari ile ile huwa ni kubomoa, na kubomoa kuna gharama, na penye gharama pana udhuru. Chombo kinachoitwa kushauri siku ya ufunguzi kimeitwa kula halua. Kanuni ziseme wazi kwamba hakuna kibali cha kujenga au kugeuza jengo la umma kitakachotoka bila saini ya mkaguzi wa njia na milango aliyeteuliwa na Baraza. Na kwamba saini hiyo itolewe au ikataliwe katika siku maalumu, ili wajenzi nao wasipate la kulalamikia.

Chukua mfano wa skuli. Tangu mwaka 2021 Serikali imejenga skuli nyingi za ghorofa, Unguja na Pemba, ili kupunguza msongamano madarasani, na hilo ni jema ambalo kila mzazi analiona. Lakini ghorofa ni ngazi. Mtoto wa kigari akifaulu kuingia darasa ambalo chumba chake kiko juu, ufaulu wake utampeleka wapi? Hapa haihitajiki hata lifti. Mwalimu mkuu anaweza kuliteremsha darasa hilo chini kwa kuandika upya karatasi moja ya ratiba. Jambo lisilogharimu hata shilingi halitaki kungoja bajeti. Linataka mtu mwenye mamlaka ya kuuliza, na mwenye kurudi kuangalia kama limefanyika.

Mji Mkongwe ni taabu nyingine, wala hatutaki kujifanya ni nyepesi. Mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na yenye kuulinda ni Mamlaka ya Mji Mkongwe. Milango yake ya nakshi ina vizingiti vilivyonyanyuka, na vichochoro vyake vilikatwa kwa miguu ya watu na ya punda. Hatumwombi mtu avunje mlango wa miaka mia. Tunaloomba ni kwamba huduma ya umma isiyoweza kufikika ndani ya nyumba ya namna hiyo ihamishwe, au ateremke mwenye muhuri. Nyumba ni ya urithi, lakini dawati la karani si la urithi.

Na bahari je? Watungaji wa sheria za miji mikubwa hawajui habari ya kuvuka. Mtu wa Tumbatu anayekwenda hospitali hupanda chombo kwenda Mkokotoni, na mtu wa Kojani vile vile huvuka kwa mashua kwenda Pemba. Maji yakiwa yamekupwa, mashua haifiki ukingoni, na abiria hushuka na kutembea majini. Asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni, kigari chake kikifuata nyuma juu ya kichwa cha kijana mwingine. Wabebaji ni jamaa zake, nao hubeba kwa moyo mmoja. Lakini mtu mzima aliyebebwa mgongoni mbele ya mkwewe anajua ni kitu gani kinachopungua kila siku ya safari. Mamlaka ya Usafiri Baharini ndiyo yenye kukagua vyombo. Basi ikaguapo maboya na jaketi za kujiokolea, iulize pia asiyetembea atapandia wapi na atakaa wapi. Swali hilo likiingia katika fomu ya leseni, nusu ya kazi imefanyika.

Tusijione wa kwanza kukutana na mashaka haya. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 2003 na kuunda Baraza la Taifa. Vifungu vya kurekebisha majengo na magari ya abiria havikuanza kutumika pamoja na vingine. Viliahirishwa, na miaka ikapita. Mwaka 2025 wameiacha sheria ile na kutunga nyingine. Funzo tunalolipata hapo ni kwamba tarehe ya kuanza kutumika kifungu, na kanuni za Waziri zinazokifuata, zina uzito kama kifungu chenyewe. Watendaji wetu wanaosoma safu hii wanalijua hilo kuliko sisi, kwa sababu mafaili ya kanuni yamo katika kabati zao.

Yuko pia mtu asiyefika hata ngazini, naye ni yule asiyejulikana kuwa yupo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 hapa Zanzibar, na iliuliza habari za ulemavu. Lakini sensa huhesabu kisha hufunga daftari, na hesabu yake haimjui mtu kwa nyumba yake. Anayejua nyumba kwa nyumba ni sheha. Anajua nyumba gani ina mtoto wa miaka tisa ambaye wageni hawajapata kumwona. Bila ya Baraza kuwa na mtu wake katika kila wilaya kati ya wilaya zetu 11, mwenye pikipiki na mafuta ya kumfikisha kwa masheha hao, daftari la watu wenye ulemavu litakuwa daftari la wale walioweza kuja wenyewe ofisini.

Kila mwaka, kuanzia mwezi Mei, Waheshimiwa Wawakilishi hukaa kujadili makadirio ya Serikali. Twapendekeza kwamba kabla ya kikao hicho Baraza liwasilishe taarifa yenye orodha ya kila jengo la umma lililojengwa mwaka huo, lipi lilipata saini ya mkaguzi na lipi halikupata, na kwa amri ya nani. Ichapishwe kwa maandishi ya kawaida na kwa nukta nundu, isomwe redioni pamoja na kutafsiriwa kwa lugha ya alama katika televisheni, na nakala zake zifike kwa masheha wa Tumbatu na Kojani wiki mbili kabla Mwakilishi wao hajasimama kuchangia.