Pumu na Kifua cha Moshi

Twapenda kuwaarifu wanachama wenye pumu kwamba maradhi haya si kubanwa na pumzi tu. Ndani ya kifua, mirija ya pumzi huwa imevimba hata siku ambayo mtu hajihisi mgonjwa. Likimwingia vumbi la karafuu, mirija hukaza. Salbutamoli ya kuvuta huilegeza kwa saa 4 hadi 6, lakini uvimbe haiugusi. Uvimbe hutulizwa na dawa ya steroidi, ivutwayo kila siku. Wengi huiacha wapatapo nafuu, nao ndio wapelekwao hospitali usiku.

Kifua kilichoharibiwa miaka mingi na tumbaku au moshi wa kuni ni jambo jingine: mirija imesinyaa, hairudi kama zamani, na steroidi husaidia kidogo. Hapo kwanza ni kuuepuka moshi. Jiko lihamishwe uani.