Binti akichelewa kuvunja ungo, apimwe

Tuchukue mfano wa binti mmoja wa Tunduma. Ana miaka 16. Matiti ameota, lakini hajaona hedhi. Kila mwezi tumbo la chini linamuuma siku chache, kisha linatulia. Majirani wanasema amefungwa kizazi. Shangazi anataka apelekwe kwa mganga. Mama anaona aibu hata kusema. Je, wafanye nini?

Mwili hufanyaje kazi?

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Tezi hiyo hupeleka taarifa, kwa njia ya damu, kwenye vifuko vya mayai ndani ya tumbo. Vifuko hivyo hutengeneza homoni. Homoni huotesha matiti na kuandaa mji wa mimba. Damu ya hedhi hutoka kwenye mji wa mimba, hupita ukeni, hutoka nje.

Ni kama bomba la kijiji. Maji yasipotoka, kosa laweza kuwa kwenye chanzo, kwenye tangi au kwenye bomba. Fundi hukagua kwanza. Daktari naye ni hivyo hivyo.

Aende hospitali lini?

Wasichana hawakui sawa. Lakini mpeleke binti kama:

- ametimiza miaka 13 na matiti hayajaanza kuota;
- ametimiza miaka 15 na hajavunja ungo;
- imepita miaka 3 tangu aote matiti, na hedhi bado;
- alikuwa akipata hedhi, kisha imekoma miezi 3;
- anaumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu. Huyu asisubiri.

Sababu ni zipi?

*Matiti hayajaota.* Pengine ni kuchelewa tu kwa ukoo. Mama na shangazi wakumbuke wao walivunja ungo wakiwa na umri gani. Lakini chakula kidogo huchelewesha. Ugonjwa wa muda mrefu pia huchelewesha, kama selimundu, kifua kikuu, VVU au ugonjwa wa figo. Wengine huzaliwa na vifuko vya mayai visivyofanya kazi. Hali moja ya namna hiyo huitwa Turner. Humpata karibu msichana mmoja katika kila 2,500, na mara nyingi huwa mfupi kuliko wenzake.

*Matiti yameota, damu haitoki.* Pengine kizinda kimeziba kabisa. Damu inatoka kwenye mji wa mimba lakini haina njia, basi inajikusanya ndani na kuuma. Wachache, karibu mmoja katika kila 5,000, huzaliwa bila mji wa mimba.

*Hedhi ilikuwepo, ikakoma.* Kwanza apimwe mimba. Tena tujue, msichana aweza kushika mimba hata kabla ya hedhi ya kwanza. Sababu nyingine ni kukonda sana, mawazo mengi, au ugonjwa wa tezi. Kama kichwa kinamuuma mara kwa mara, haoni vizuri, au matiti yanatoa maziwa naye hana mtoto, mwambieni daktari.

Atapimwa nini?

Ataulizwa maswali. Atapimwa urefu na uzito. Mkojo utapimwa mimba, na damu itapimwa homoni. Picha ya ultrasaundi itaonyesha mji wa mimba na vifuko vya mayai. Daktari akihitaji kutazama sehemu za siri, hutazama kwa nje tu, binti akikubali. Siyo kupima ubikira. Mama akae naye, na aweza kuomba mhudumu wa kike.

Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya. Wakishindwa, waombeni barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, hata Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Mbeya.

Msinunue vidonge vya "kuleta hedhi" vinavyouzwa mitaani, upande huu wa mpaka au ule. Vyaweza kuficha ugonjwa. Na kama ni mimba, vyaweza kumtoa damu nyingi mpaka afe.

Sasa turudi kwa binti yetu. Ana matiti, na ana maumivu ya kila mwezi. Huenda njia imeziba. Kama ni kizinda, operesheni ndogo itaifungua, naye kwa kawaida ataweza kuzaa. Akicheleweshwa, damu itazidi kujaa ndani na kuleta madhara. Hakufungwa na mtu. Apelekwe wiki hii.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mama wa binti huyu aliona aibu?
2. Katika kijiji chetu, binti mwenye shida hii humwambia nani kwanza?